Mandilaria Haikuamka

Mzabibu ukipogolewa hulia. Mtu yeyote wa Mpunguzi aliyewahi kushika mkasi anajua hilo. Asubuhi baada ya kukata, kila ncha ya tawi hutoa tone la maji safi, likadondoka, likafuatwa na jingine, mpaka chini kote kunalowa kama shamba limenyweshewa. Watoto huyalamba matone hayo, na mkulima akiyaona hushusha pumzi, maana mizizi imeamka na msimu umeanza.

Asubuhi ile shamba la Mama Chilewa, jirani yangu wa bondeni, lililia. La ng'ambo ya barabara lililia. Langu lilikuwa kavu kama ukuni wa jikoni.

Nilipita kati ya mistari nikigusa ncha moja baada ya nyingine. Kisha nikabonyeza kisikio, kile kidude cha kusikilizia mimea, nyuma ya sikio langu. Mzabibu una sauti. Maji yanapopanda ndani ya shina, vipovu hupasuka, tik, tik, na ukiwa na kiu hupiga kelele zaidi. Sisi wakulima wa sasa tunaishi na sauti hizo masikioni kama mama anavyoishi na kikohozi cha mwanawe. Hata mmea uliokufa husikika, kwa maana hukauka kwa vishindo. Siku ile sikusikia kitu.

"Utando," nikasema, "shamba la Ndahani lina nini?"

"Habari za asubuhi, Bi Nyemo," ikajibu ile sauti laini isiyo na umri. "Mizabibu yako ya Mandilaria imelazwa hadi makubaliano na mwenye jina yakamilike. Mimea yako mingine ni mizima. Ungependa kuzungumza na mwenye jina?"

"Mwenye jina ni mimi."

"Mwenye jina la Mandilaria ni Bwana Luvanda Chengula, wa Iringa. Nikuunganishe?"

Nilicheka. Nilicheka peke yangu katikati ya shamba hadi mama akachungulia dirishani. Chengula ni Mhehe, mimi ni Mgogo, na kati ya Mgogo na Mhehe kuna utani wa tangu mababu. Nikadhani huu nao ni utani wake mpya, na kwamba safari hii kajitahidi.

*

Utando uliletwa na kampuni ya Mizizi Moja baada ya mvua kutuchezea miaka mingi mfululizo. Ni nyuzi za uyoga, nyembamba kuliko unywele, zilizopandwa chini ya bonde zima na kushikana na kila mzizi. Shamba lenye maji huligawia lisilo nayo. Mmea mmoja ukishambuliwa na wadudu, wenzake hupata habari na kukaza majani kabla adui hajafika. Bila utando, Mpunguzi ingekuwa vumbi na historia. Tuliupokea kwa ngoma, na mimi mwenyewe, niliyesomea mimea chuoni, nilisimama mbele ya watu nikausifu.

Kuna jambo moja ambalo hatukulihoji sana. Utando huutambua mmea kwa ladha ya mizizi yake, na kila aina ya mmea ina jina ndani ya mfumo. Mwenye jina ana amri juu ya aina yake popote ilipopandwa: iamke, ilale. Walituambia ni dawa ya wezi wa mbegu. Sisi hatukuwa wezi, tukaona halituhusu.

Na Mandilaria haikuwahi kuwa na jina la mtu. Ni zabibu nyekundu ya visiwa vya Wagiriki, yenye ganda nene na maji meusi kama wino. Huchelewa kuiva, sukari yake ni kidogo, na divai yake ukiinywa peke yake inakung'ata ulimi. Lakini changanya kidogo na divai iliyopauka, utaona inavyopata damu. Visiwa vilipoungua, na kuvu ya shina ikamaliza kilichobaki, mama mmoja wa kisiwa cha Paros, Bibi Despina, alifika kwetu na fimbo kadhaa zilizofungwa kwenye taulo bichi. Baba yangu alimpa ardhi ya juu, karibu na kisima. Bibi Despina akamfundisha kuilaza mizabibu itambae chini badala ya kuipandisha kwenye waya, kama walivyofanya kwao kwa sababu ya upepo. Majirani walicheka wakasema Ndahani anafuga chatu. Ukaja upepo wetu wa Dodoma, ukang'oa waya za watu na kuwaachia chatu wa baba pale pale walipolala.

Bibi Despina hakudai chochote ila sharti moja: anayeomba kipando apewe. Alisema kwao kila mtu alijifungia yake, kila mtu akaungua na yake. Baba aliishika kauli hiyo kama wosia. Walikuja watu wa Kondoa, wa Singida, wa Mbulu, wakaondoka na vijiti mkononi. Vingi havikushika. Lakini hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Kisha baba akafa, na Chengula akaja msibani.

Asiyejua utani angemwita mwendawazimu. Alifika amevaa koti la baba na kofia ya baba, anatembea kwa mwendo wa baba wa kuvuta mguu. Akamnyang'anya mchimbaji koleo, akashuka kaburini, akalala chali na kupiga kelele: "Mimi ndiye Ndahani! Mbona hamjaniwekea mlenda wangu? Mgogo anasafiri bila mlenda?" Mama, ambaye hakuwa ameonja chakula tangu baba akate roho, alicheka mpaka akashikwa. Ndiyo kazi ya mtani. Anaingia mahali ambapo hata ndugu anaogopa kuingia, anautoboa msiba upumue.

Halafu akaenda shambani, akakata mzigo mzima wa matawi kutoka kwenye mashina ya kale kabisa, akaufunga kwa shuka na kujitwisha kichwani akicheza. "Mgogo kafa, mali yake yangu!" Nilimkimbiza kwa mwiko. "Mwizi! Mla mbwa wewe! Rudisha!" Watu walikuwa wanajishika mbavu, na simu zote ziko juu zinapiga picha. Akatia mzigo kwenye gari na kwenda zake Iringa.

Sikuudai baadaye. Alichochukua mtani msibani hakidaiwi. Ukikidai umemtukana yeye, umemtukana na marehemu. Mkimbize siku hiyo hiyo kadiri upendavyo, lakini jua likishazama, limekwisha. Nilidhani kaupanda nyuma ya nyumba yake, au kautupa njiani, pale Mtera, na kusahau.

Ila Chengula alikuwa mkuu wa ofisi ya majina pale Mizizi Moja, na ofisi hiyo ilikuwa na kanuni yake. Mmea uliochukuliwa hadharani mbele ya mwenyewe na mashahidi, na usidaiwe mpaka msimu wa kupogoa uliofuata, umeachiliwa, na aliyeuchukua anaweza kuuandikisha kwa jina lake. Kanuni aliijua yeye. Mila alizijua yeye. Akavishona pamoja.

*

Ofisi yake ilikuwa juu mlimani, ina kioo upande mzima, na mji wa Iringa umelala chini yake. Aliponiona mlangoni aliinua mikono.

"Jamani, Mgogo kafika! Mfungieni kabati, kaja kuomba!"

"Luvanda, amsha zabibu zangu."

"Kaa kwanza. Mgeni hupewa chai kwanza, ndivyo sisi tunavyolelewa huku kwenye baridi. Ninyi kwenu—"

"Amsha zabibu zangu."

Akaacha. Akakaa. Nilimtazama akivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Sikuzilaza mimi," akasema. "Jina likishaingia, mfumo unalaza wenyewe mpaka mpangaji akubali. Ni hatua ya kawaida. Ukigusa hapa kwenye mkataba leo, kesho zinaamka."

"Mpangaji."

"Ni neno tu, Nyemo."

"Mimi nimekuwa mpangaji wa zabibu ya baba yangu."

"Nisikilize. Kuna kampuni ya ng'ambo ilishatuma watu. Walikuwa wanaitafuta Mandilaria kama dhahabu, kwa sababu haipo tena popote duniani isipokuwa kwenye kile kishamba chenu na kwa wachache mliowagawia. Wangelichukua jina, wangeifungia, na usingemjua hata wa kumlalamikia. Nimewahi. Sasa ipo kwa mtu anayekujua. Nimeshaipeleka kwenye vituo vyetu vitano, imeshika. Hata kuvu ikifika Mpunguzi kesho, haitapotea. Nimeiokoa."

Hapo ndipo aliponiweza, kwa sababu sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli. Niliijua ile kuvu. Nilikuwa nikiiota.

"Ungeniambia," nikasema. "Ungekuja nyumbani, ukakaa, ukala, ukaniambia: Nyemo, kuna watu wanakuja, tuandike jina lako."

"Ungekataa. Ungesema Bibi Despina hakutaka jina la mtu yeyote."

"Ndiyo, ningekataa."

"Ndiyo maana sikuuliza."

Alilisema taratibu, kama mtu anayeeleza hesabu rahisi. Sijui kama alisikia lilivyotoka. Adui angeniibia ningempeleka mahakamani na kulala usingizi. Huyu nilimfungulia mlango wa msiba, nikampa koti la baba alivae, na wakati mimi namkimbiza huku machozi ya kicheko yakinitoka, yeye alikuwa akihakikisha mashahidi wanapiga picha vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hawakusema kwamba nguo yenyewe huwa ya marehemu.

"Nikigusa hapo, sharti ni nini?"

"Hakuna kitakachobadilika. Utalima, utavuna, utauza kama kawaida."

"Luvanda."

Akarudisha miwani. "Vipando havigawiwi. Anayetaka atakuja kwetu."

Niliondoka bila kuaga. Nilipofika kwenye ngazi alinipigia kelele kutoka juu, kwa sauti yake ya zamani, "Mgogo, umesahau bakuli lako la kuombea!" Watu wa ofisini wakacheka. Alitaka nigeuke nimtukane, mambo yaishe. Niliendelea kushuka.

*

Njia ya kuukata utando ilikuwepo. Amri ya kulala haikai ndani ya mzabibu. Inapita kwenye nyuzi na kurudiwa rudiwa, kama mama anavyombembeleza mtoto bila kunyamaza. Zikate nyuzi, sauti inanyamaza, mmea unaamka. Unachimba mfereji wa kufika kifuani kulizunguka shamba, unamwaga chokaa, na nyuzi hazivuki. Kisima nilikuwa nacho. Ningenywesha kwa mkono kama babu zangu.

Na ilinipasa kuharakisha. Mzabibu uliolala baada ya kupogolewa hauna majani wala machozi. Jua la Dodoma linaingia kupitia vidonda vya mkasi na kukausha macho ya matawi moja moja. Kila siku nilibonyeza kisikio, na kila siku nilisikia ule ukimya.

Nikachukua jembe na sururu, nikaanza upande wa bondeni. Ardhi ilikuwa ngumu, na hasira ni mafuta mazuri. Nilikuwa nimezama hadi kiunoni mama alipokuja na fimbo yake, akasimama ukingoni akiniangalia.

"Unachimba kaburi la nani?"

"Naukata utando, mama. Zabibu ziamke."

Mama hakusomea mimea, lakini ameishi kwenye mteremko ule maisha yake yote, na anajua maji yanaelekea wapi. Akatazama juu kwenye kisima, akatazama chini bondeni, kwenye uwele wa Mama Chilewa uliokuwa unatoa masuke, na mizabibu yake iliyokuwa bado inadondosha machozi. Maji yote ya bondeni yalipita chini ya miguu yangu, ndani ya nyuzi zile zile.

"Umemwuliza Mama Chilewa?"

"Atakataa," nikasema.

Nikasimama na sururu juu. Yule mtu wa mlimani alikuwa amesema hivyo hivyo, kwa utulivu ule ule, na mimi nikamwona ni shetani.

Nikapanda juu, nikajipangusa, nikateremka kwa Mama Chilewa. Nilimkuta anapepeta. Nikamweleza yote bila kuficha: Chengula, jina, mfereji, maji yake. Alisikiliza mpaka mwisho huku ungo umetulia magotini. Mama Chilewa si mtu wa maneno mengi. Ni mjane, amelea wajukuu wanne juu ya kile kipande cha ardhi, na baba alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupelekewa zabibu za kuonja.

"Nyemo, mwanangu," akasema, "zako zimelala. Zangu zitakufa."

"Najua."

"Basi nakataa. Sikubali."

"Nimesikia, mama."

"Na kama utakata hata hivyo, kata mchana nikuone. Usinifanyie ya gizani."

Nilirudi nikaufukia mfereji. Kufukia ni kwepesi kuliko kuchimba, lakini siku ile mikono iligoma. Ningeweza kumfanyia Mama Chilewa kile nilichofanyiwa, na ningekuwa na sababu nzuri, hata nzuri kuliko za Chengula. Nadhani hicho ndicho kilichonitisha, jinsi sababu zilivyokuwa zimejaa tele mdomoni mwangu. Ningeweza pia kuziacha zikauke kwa heshima, nikabaki na kiburi changu na mama akabaki bila kitu, na Mandilaria ya kweli ikabaki kwenye vituo vya watu wasiojua kwamba inapenda kulala chini.

Nilimwambia utando kwamba nimekubali. Sauti ikanishukuru kwa jina langu.

*

Zililia siku iliyofuata. Nilisikia kabla sijaona. Niliamshwa na tik, tik, tik sikioni, shamba zima kwa pamoja, kiu ya siku zote zile inapasuka ndani ya mashina. Nilitoka nikapiga magoti kati ya mistari. Kila ncha ilikuwa na tone lake. Zilikuwa nzuri, na zilikuwa za mtu mwingine. Nililia pamoja nazo bila aibu. Baadhi ya macho ya matawi yalikuwa yameshakauka, lakini mashina ya kale yote yalikuwa hai.

Wiki hiyo hiyo alifika mzee mmoja kutoka Kondoa. Alikuwa amesikia habari za baba, hakuwa amesikia kwamba amefariki. Alitandika gunia bichi chini, akaomba kipando kimoja tu. Nilimpa chakula, nikampa maji ya njiani, nikamwambia hapana. Alidhani hajaeleweka, akaomba tena kwa upole zaidi. Nikamwambia hapana mara ya pili. Alikunja gunia lake na kushukuru kwa chakula, nami sikuweza kumsindikiza, nilibaki nimekaa jikoni.

Chengula alikuja majani yalipofungua. Alisimama nje ya uzio na jogoo kwapani, sauti imejaa barabara nzima.

"Hodi kwa ombaomba! Mhehe kaja na kitoweo, maana najua humu kuna mlenda tu!"

Nilikuwa nafagia. Niliweka fagio chini, nikafunga khanga vizuri, nikaenda kufungua.

"Shikamoo, Bwana Chengula," nikasema. "Karibu sana."

Ananizidi miaka michache, lakini sikuwahi kumwamkia hivyo maishani mwangu. Mtani hapewi shikamoo. Alicheka, akidhani ndio nimeanza mchezo.

"Marahaba, mjukuu wangu! Umemficha wapi mbwa wenu? Nimekuja na njaa."

"Mbwa yuko nyuma amefungwa, hatakusumbua. Tafadhali, kaa hapa kivulini."

Mama akatoka. Akampa mkono kwa adabu zote, akapiga goti kidogo, akasema, "Karibu, baba. Za Iringa?" Mama huyu aliwahi kumrushia Chengula maganda ya viazi mbele ya mchungaji. Sasa alimletea kiti kile chenye mto, tunachomwekea mkaguzi wa maji anapokuja, na glasi juu ya sahani.

Chengula alikaa. Jogoo alimponyoka na hakumfuata.

"Mgogo mla mlenda," akasema, sauti ikiwa imepungua. "Mwizi wa ng'ombe. Baba yako alikuwa na miguu kama ya korongo."

"Ni kweli, Bwana Chengula. Alikuwa mwembamba. Mizabibu inaendelea vizuri, macho machache tu yamekauka. Ungependa kuikagua?"

"Nyemo."

"Bwana."

"Nilifanya ile kazi vibaya. Nimekuja tumalize. Nitukane." Alijaribu kutabasamu na midomo haikukubali. "Nitukane hata kidogo, mtani wangu. Sema mla mbwa. Sema mwizi. Sasa hivi lina haki, si unaona? Nikimbize na fagio hilo, watu wapo, watacheka. Nitukane, tafadhali."

Nilimwonea huruma, na sikutaka kumwonea. Maneno yote nilikuwa nayo, yamejipanga mdomoni tangu Iringa. Kumtupia moja tu kungetosha kumrudisha kwenye utani wetu.

"Siwezi, Bwana Chengula," nikamwambia. "Wewe ndiye mwenye jina. Mpangaji hamtukani mwenye mali."

Mama akasogeza glasi karibu na mkono wake. Aliichukua, akanywa yote, na maji mengine yakamwagikia shati. Kisha akasimama, nami nikasimama. Nilimfungulia lango, nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake, nikasubiri kando ya barabara na mikono nimeikunja mbele, kama anavyosindikizwa mgeni rasmi, mpaka akaondoka.